Jamani, Gundi Mnaionea

Jumamosi iliyopita mama mmoja alinijia na boksi la kadi mkononi. Kadi 40 za kualika watu kwenye sherehe ya kumuaga binti yake, amezitengeneza mwenyewe siku tatu mfululizo, shangazi mtu akimsaidia kukata. Manila ya zambarau, utepe mwembamba wa dhahabu, ua dogo la karatasi kwa mbele. Kazi ya mtu mwenye jicho. Lakini karibu zote zilikuwa zimemeguka mgongoni, mkunjo umeota manyoya na umekwenda upande, na kurasa za mbele zimejiviringa kama jani la mgomba linaloanza kukauka. Akaniuliza swali ambalo nadhani nimeulizwa na nusu ya Tanga: "Mwalimu, wewe gundi yako unanunua wapi?"

Nilichukua kadi moja nikamwonyesha palipomeguka. Nikamwomba anionyeshe gundi ilipo. Hakuna. Kwenye mkunjo wa kadi hamna hata tone la gundi. Sasa gundi imekosa nini?

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wanabadilisha gundi. Kadi ikimeguka, gundi mbovu. Mfuko wa zawadi ukisimama kombo, gundi mbovu. Mtu anahama kutoka gundi nyeupe kwenda gundi ya moto, kutoka ya moto kwenda ile inayoshika vidole, anamaliza hela, na kadi inameguka vilevile. Karatasi yenyewe hakuna anayeiuliza, maana tumekubaliana kwamba karatasi ni karatasi, ina mbele na nyuma basi.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina upande zinakolala. Kiwandani, rojo la mti lililozimuliwa kwa maji mengi humwagwa juu ya wavu unaokimbia. Maji yanachuja chini, na vinyuzi vya mti vinajipanga kuelekea kule wavu unakokwenda, kama nyasi zinavyolazwa na mkondo wa mto. Si vyote, ila vilivyo vingi. Karatasi ikishakauka, mpangilio ule umo ndani yake mpaka siku itakapochomwa moto. Mimi nauita ulalo. Aliyewahi kupasua kuni hahitaji maelezo zaidi: gogo ukilipiga kwa kufuata nyuzi linaachia, ukilipiga kwa kukingama shoka linakurudia. Seremala haanzi kuranda ubao kabla ya kuutazama. Msukaji wa mkeka anachana ukindu kwa urefu, hajawahi hata siku moja kujaribu kwa upana. Ni sisi wa karatasi tu tunaokunja popote.

Chukua gazeti la jana ulichane kutoka juu kwenda chini, kisha uchane kutoka kushoto kwenda kulia. Njia moja itakwenda mstari, nyingine itakupeleka inakotaka yenyewe. Ile iliyonyooka ndiyo ulalo.

Manila huwezi kuichana dukani, muuzaji atakufukuza. Ikunje nusu bila kuivunja, iwe kama upinde, uikandamize taratibu kwa kiganja na usikie inavyokusukuma. Igeuze, ukunje kwa upande wa pili, ukandamize tena. Kuna upande utakubali na kuna upande utakataa. Ule unaokubali, mkunjo wake unafuata ulalo. Jaribio hili linachukua muda wa kusema salamu. Ukiwa nyumbani na bado una shaka, kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, weka alama ya penseli kuonyesha juu ni wapi, lowesha uso mmoja tu kwa kidole. Kitajiviringa kama bomba, na bomba lile limelala sambamba na nyuzi. Maji hayadanganyi kwenye jambo hili. Na karatasi yoyote inayouzwa ikiwa imeviringwa, iwe kaki au ya kufungia zawadi, haihitaji kupimwa: kule inakofungukia ndiko nyuzi zinakokwenda.

Sasa turudi kwenye zile kadi. Karatasi nyingi za A4 hukatwa ulalo ukifuata urefu, ule upande wa milimita 297. Na kila mtu anayetengeneza kadi nyumbani anafanya nini? Anachukua A4 ya manila, anaikunja katikati, urefu unakuwa nusu, mkunjo unapita kwenye upana wa milimita 210. Yaani umechagua kukunja pale hasa ambapo nyuzi zote zinapita kwa kukingama, na unazivunja moja moja. Karatasi ya rimu ya gramu 80 kwa mita ya mraba inakusamehe kwa sababu ni nyembamba. Manila ya gramu 220 haikusamehi. Inameguka, na kwa kuwa nyuzi zinapigana na mkunjo, kadi inajaribu kufunguka usiku kucha.

Dawa ziko tatu. Nunua manila kubwa, ipime, uikate mwenyewe ili mkunjo ufuate ulalo. Au, kama una A4 tu, tengeneza kadi ndefu nyembamba: ikunje kwa urefu, upate milimita 105 kwa 297, kisha punguza urefu hadi 210 na ile sehemu iliyobaki iwe vibandiko vya majina. Kadi ndefu ni nzuri sana mezani, sijui kwa nini watu wanaziogopa. Ya tatu, kama umelazimika kukunja kwa kukingama, tia mfuo kwanza, yaani bonyeza mstari pale utakapokunja.

Mfuo ndio unaotofautisha kadi ya duka na kadi ya haraka haraka. Chukua kalamu iliyoisha wino na rula ya chuma. Laza manila juu ya gazeti lililokunjwa mara nne, si juu ya meza tupu, maana ncha inahitaji mahali pa kuzama. Pitisha mara mbili kwa uzito ule ule, bila kukata. Unatakiwa uone bonde upande huu na kinundu upande wa pili. Kunja polepole, kisha piga mkunjo kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Kwa wembe usitie mfuo. Najua wengi mnafanya hivyo. Wembe unakata nyuzi za juu, kadi inapendeza siku ya kwanza, na inachanika baada ya kufunguliwa mara kumi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vinalimaliza kwa sentensi moja na mimi siwezi. Wachapaji wanafundisha kwamba kile kinundu ndicho kikae ndani ya mkunjo. Karibu kila mtu anayekuja kujifunza kwangu anakunja kinyume, bonde likiwa ndani, kwa sababu ndiko mkono unakotaka kwenda. Nimezifanya njia zote mbili kwa miaka. Kwenye manila nene, wachapaji wana haki, na tofauti unaiona kwa macho bila miwani. Kwenye manila nyembamba ya gramu 160, nimekunja mamia sijaona tofauti yoyote, na sitakwambia ipo ili nionekane nimesoma. Vilevile manila zile za kumeta, zenye ngozi ya plastiki juu: jaribio la kiganja linaweza kukupoteza, kwa sababu unachosikia ni ugumu wa plastiki. Hizo nakunja kona moja ndogo kila upande, natazama, naamua. Na karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, kwa kuzamisha fremu kwenye rojo, haina ulalo wa maana, nyuzi zake zimetawanyika. Kunja utakavyo.

Kuhusu kujiviringa sasa, maana hapa gundi inahusika kidogo, lakini si kwa njia mnayodhani. Uzi wa karatasi ukinywa maji unanenepa, haurefuki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo karatasi iliyolowa inatanuka kwa kukingama ulalo, na ikikauka inarudi. Ukibandika karatasi ya maua juu ya manila kwa gundi ya maji, na nyuzi za moja zinakwenda mashariki na za nyingine zinakwenda kusini, umewafunga pamoja watu wawili wanaovutana. Lazima kitu kipinde. Zilaze zote upande mmoja, zitatanuka pamoja na kukauka pamoja. Halafu punguza maji: gundi nyeupe ipakwe kwa ukingo wa kadi ya simu ya zamani, safu nyembamba mpaka uone karatasi chini yake, kisha weka chini ya vitabu vizito usiku mzima. Uji wa ngano nao unashika vizuri, kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, upikwe mpaka ung'ae, upoe. Utumie siku hiyo hiyo na kazi isikae stoo muda mrefu, mende wanaupenda. Tiara zetu za utotoni tulizibandika kwa ugali na ziliruka juu ya minazi. Gundi haijawahi kuwa tabu.

Na sisi wa pwani tuna la zaidi. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa yenyewe ni maji, na karatasi inayanywa bila kuguswa na mtu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipeleka vikasha 60 vya keki ndogo kwenye harusi ya Aprili. Nilivikata kwa kubana nafasi, kimoja kimesimama, kingine kimelala, ili nisipoteze manila. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kabla bwana harusi hajafika, vifuniko vya nusu ya vikasha vilikuwa vimenyanyuka, na vyote ni vile vilivyokatwa vikiwa vimelala. Niliviona vimepangwa mezani, kimoja kimefunga, kingine kimeachama, na bado sikuelewa. Nilimlaumu muuza gundi. Nilimsema vibaya kwa wateja wangu wengine, mtu wa watu aliyeniuzia gundi isiyo na kosa. Ilinichukua zaidi ya mwaka kujua sababu, na nilipojua nilikwenda dukani kwake kumwomba radhi. Ndiyo maana suala hili linanigusa kuliko inavyostahili.

Mifuko ya zawadi nitaipitia haraka, kwa kuwa ukielewa ulalo umeshamaliza robo tatu ya kazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na kwetu Juni 2019, mfuko wa kaki umekuwa kitu cha kila siku, na kaki ni karatasi ya kuheshimu: nyuzi za mipaini ni ndefu, ndiyo sababu inabeba uzito. Kata kipande cha sentimita 42 kwa 30, ulalo ukifuata ile 30, ambayo ndiyo upande wa kimo cha mfuko. Kwa upana pima 13, 7, 13, 7, na 2 za mwisho ni za kubandika. Juu kunja sentimita 4 kwa ndani na ufiche kipande cha manila humo, pale pa kutoboa mpini. Chini pima 5 za kitako. Tia mfuo mistari yote kabla ya kubandika chochote. Kitakoni anza na mbawa fupi, zile za 7, kisha ndefu juu yake, na ndani laza kipande cha manila kilichopunguzwa milimita mbili kila upande. Mpini wa kamba ya katani. Tuko Tanga, ukiweka mpini wa plastiki sitakuelewa.

Pembe nne za kusimama zikifuata ulalo, mfuko unajisimamia wenyewe mezani hata ukiwa mtupu. Zikikingama, unalala ubavu. Huo ndio ule "mfuko wa gundi mbovu".

Maua ya krepu yana habari nyingine: huko fuata mikunyanzi unayoiona kwa macho. Isimame kutoka shina kwenda ncha ya petali, halafu tanua katikati kwa dole gumba mbili mpaka petali ipate tumbo. Ukiikata ikilala, ua halifunguki, hata ulipambe vipi. Na usiyatengeneze wiki mbili kabla ya sherehe ya masika, yanalegea.

Yule mama hakuwa na muda wa kuanza upya, sherehe ilikuwa wiki mbili mbele na kadi zilitakiwa kugawiwa Jumatatu. Tulikaa barazani tukazikata kadi zote mgongoni kwa rula ya chuma, tukautoa ule mkunjo uliomeguka, kila kadi ikawa kurasa mbili. Tukatoboa matundu mawili kwa panchi, tukapitisha utepe ule ule wa dhahabu, tukafunga fundo kwa mbele. Zile zilizojiviringa tulizilaza chini ya madaftari na tofali mpaka asubuhi. Zilipona 37. Kwa tatu zilizobaki alikwenda dukani kununua manila nyingine, na mwenye duka aliniambia baadaye kwamba kuna mteja alisimama pale kaunta anakunja manila huku na huku kwa kiganja, amefumba macho, akataka ya pili yake aipime pia kabla hajatoa hela.