Fedha Mkononi kwa Wasio na Makazi: Kiasi, Wakati na Njia ya Kulipa

Ukitaja mpango wa kuwapa fedha taslimu watu wanaolala nje, swali la kwanza huwa moja: si watazinywea? Swali hilo limeshapimwa. Mwaka 2018 mjini Vancouver, Kanada, shirika la Foundations for Social Change na watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwapa watu 50 dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mkupuo, bila kuwapangia matumizi. Kiasi hicho kilikaribiana na posho ya ustawi wa jamii ya mwaka mzima katika jimbo lile. Wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja pamoja na wengine 65 ambao hawakupewa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Matumizi ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakupanda. Ikilinganishwa na wenzao, waliopewa fedha walikuwa na siku 99 pungufu za kukosa makazi, na siku 55 zaidi za kuishi kwenye nyumba ya kueleweka. Kwa kuwa hawakutumia sana makao ya muda, gharama ya makao hayo ilipungua kwa dola 8,277 kwa kila mtu. Ukitoa zile 7,500, jamii ilibakiwa na dola 777. Warsha na ushauri wa kujipangia malengo, ambavyo baadhi yao walipewa pamoja na fedha, havikuongeza kitu kinachopimika. Mara nyingi vitu hivyo huwapendeza wafadhili kuliko walengwa.

Ila takwimu hizi zisomwe pamoja na orodha ya waliochujwa. Walioingia walikuwa na umri wa miaka 19 hadi 65, waliokosa makazi kwa muda usiozidi miaka miwili, na wasio na uraibu mkali wala matatizo makubwa ya afya ya akili. Katika watu 732 waliosailiwa, 229 tu walikidhi vigezo. Anayetaka kuutumia utafiti huu kuhusu mtu aliyelala barabarani miaka kumi na mwenye uraibu mzito anauvusha mpaka wake.

Kati ya hao 229, waliobaki hadi mwisho wa uandikishaji ni 115. Wengine walipotea: simu imeibiwa, laini imefungwa, mtu amehama makao. Hapa ndipo programu nyingi huvuja kabla hata shilingi haijatoka. Siku ile ile ya usaili chukua namba mbili tatu za watu wanaomfahamu mhusika, jina la makao anayolala na mahali anapopata chakula mchana. Usiache wiki nyingi zipite kati ya usaili na malipo.

Je, mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi? Denver, Marekani, walijaribu vyote kwa watu zaidi ya 800. Kundi la kwanza lilipata dola 1,000 kila mwezi kwa mwaka. La pili lilianza na dola 6,500, kisha 500 kila mwezi kwa miezi 11. La tatu lilipata dola 50 tu kwa mwezi. Baada ya miezi kumi, karibu 45% ya washiriki walikuwa kwenye nyumba yao au ya kupanga, na makundi yote matatu yalikaribiana, hata lile la dola 50. Matokeo hayo hayawafurahishi watetezi wa fedha taslimu, lakini ndiyo yaliyopatikana. Wengi wa wanaokosa makazi hutoka barabarani wenyewe baada ya muda, na Vancouver pia pengo kati ya makundi lilikuwa kubwa miezi ya mwanzo kisha likapungua. Kinachonunuliwa na fedha ni kasi: mtu anaingia ndani mapema.

Ndiyo maana mkupuo una mantiki pale ambapo mlango wa nyumba unafunguliwa kwa malipo ya mbele. British Columbia, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya nusu ya kodi ya mwezi. Dar es Salaam ni kawaida kuambiwa ulete kodi ya miezi sita, pengine mwaka, na ya dalali juu yake. Ukimpa mtu huyo fedha za kula kila mwezi, atakula, na bado atalala nje.

Njia ya kulipa nayo ianze na kitambulisho. Bila hicho hakuna akaunti ya benki. Kwa Tanzania hata laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), hivyo malipo ya simu hayamfikii asiye na kitambulisho kwa urahisi kama tunavyodhani. Usikwepe kikwazo hicho kwa kumlipia kupitia namba ya rafiki: rafiki akizima simu, fedha zimekwenda. Tenga siku za kufuatilia vitambulisho kwanza, na panga mapema nani atabadilisha kadi au laini iliyopotea, kwa sababu zitapotea.

Kuna mtego mwingine, posho nyingine kukatwa. Marekani, anayepokea posho ya ulemavu ya SSI haruhusiwi kuwa na akiba na mali inayohesabiwa zaidi ya dola 2,000 akiwa peke yake. Mkupuo ukilala kwenye akaunti kupita mwezi aliopokea, unaweza kumtoa kwenye posho, na pengine kwenye bima ya afya inayoambatana nayo. Mshauri wa mafao akae na mhusika kabla ya kusaini, na mhusika awe huru kukataa fedha au kuchagua zilipwe kwa mafungu.