Ruzuku ya nishati safi ya kupikia: serikali inalipia nini hasa?

Ruzuku ni sehemu ya bei inayolipwa na serikali ili mnunuzi atoe pungufu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo chake ukiuzwa kijijini kwa nusu bei, nusu ya pili haijasamehewa na mtu. Imelipwa na hazina. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo hupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ambao huingia mkataba na kampuni za gesi, na kampuni hizo ndizo zinazopeleka mitungi wilayani. Utaratibu kama huo unatumika pia kwa majiko banifu, yale yanayopikia mkaa au kuni kidogo kuliko jiko la kawaida.

Fedha hizo zinatolewa chini ya Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.9 tu. Hoja ya kwanza ni afya, maana anayevuta moshi wa jikoni ni mama na mtoto aliyembeba mgongoni. Hoja ya pili ni misitu: serikali inakadiria kuwa nchi hupoteza hekta 469,420 kila mwaka. Tusiutwike mkaa mzigo wote, kwa sababu kilimo nacho kinakata miti mingi, ila mkaa wa Dar es Salaam unatoka porini na hilo halina ubishi.

Punguzo la bei ya kifaa ni njia moja tu kati ya zile ambazo serikali inaweza kutumia. Kodi ni njia nyingine, na huwa haionekani. Kenya iliiondoa gesi ya kupikia kwenye VAT mwaka 2016, ikairudishia asilimia 16 Julai 2021, ikashusha hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaifuta tena 2023. Aliyenunua mtungi mwaka 2020 akiamini mambo yametulia alijikuta baada ya mwaka mmoja akihesabu upya. Kwangu mimi, kodi isiyoyumba kwa miaka kumi ina thamani kuliko sherehe nyingi za kugawa mitungi.

Kuna bei ya kuingia, na kuna bei ya kukaa humo. Ruzuku nyingi hulipia ya kwanza na kumwachia mpishi ya pili. India ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mpango wake wa Ujjwala, ulioanza Mei 2016, ulifikisha gesi kwenye kaya maskini milioni 80 kufikia Septemba 2019, kasi ambayo nchi chache zingeweza. Lakini kaya nyingi zilijaza mtungi mara chache kwa mwaka, na kuni zikaendelea kuwaka pembeni. Mei 2022 serikali ikalazimika kuongeza punguzo la rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, hadi mitungi 12 kwa mwaka.

Kwa nini mtu mwenye mtungi arudi kwenye mkaa? Si kwa sababu haelewi. Mkaa unauzwa kwa kipimo cha mfukoni: kopo la leo, fungu la jioni. Kujaza gesi kunadai fedha yote kwa mara moja, na kwa anayelipwa kwa siku fedha hiyo haipo mkononi hata kama kwa mwezi mzima gesi ingemtoka nafuu. Ndiyo maana ukiingia nyumba nyingi mjini utakuta chai inachemkia gesi asubuhi, maharage yanatokotea mkaani mchana. Mitungi yenye mita, ambapo unalipia kwa simu kiasi unachotaka na gesi inatoka kwa kiasi hicho, inalenga tatizo hili hasa. Teknolojia hiyo, ya kampuni ya KopaGas, ilianzia Tanzania kabla ya kuvuka mpaka. Takwimu ninayoingojea ni ya mitungi iliyojazwa mara ya pili na ya tatu. Ile ya mitungi iliyogawiwa inatuambia kampuni zimeuza, haituambii jikoni kunaendelea nini.

Kwenye taasisi serikali ilitumia fimbo badala ya punguzo. Shule, magereza na kambi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Baadhi zimehamia gesi, nyingine zinatumia mkaa mbadala wa Rafiki, unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, kwa makaa ya mawe. Unaokoa miti, sawa. Ila makaa ya mawe kuitwa nishati safi kunahitaji ujasiri kidogo, na hapa inafaa msomaji ajiulize usafi unaozungumzwa ni wa msitu, wa mapafu au wa anga, kwa sababu si lazima viende pamoja.

Umeme ndio unaokaribia kuvipata vyote vitatu, hasa sasa ambapo bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kikwazo kimejificha kwenye bei zenyewe. Mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, zile za ziada ni shilingi 350. Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu. Familia ikianza kupikia umeme kila siku, inaweza kuvuka mstari huo kabla mwezi haujaisha, na mpango mmoja wa serikali unaitoza kwa kutii mpango mwingine. Kurekebisha hilo hakuhitaji kununua jiko hata moja. Kunahitaji EWURA, inayopanga bei za umeme, kuweka uniti za kupikia ndani ya hesabu ya mteja mdogo.