Gari, hema na nyika ya Australia: maswali na majibu kuhusu afya

Majibu haya ni ya kundi la marafiki wanaotaka kupita barabara za vumbi za ndani ya Australia, kama Birdsville Track, kilomita 517 kati ya Marree na Birdsville. Huko ambulansi ni ndege. Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanza Cloncurry mwaka 1928, huwafikia wagonjwa mbali sana na miji, lakini kwanza mnahitaji njia ya kuiita, kisha rubani anahitaji mahali pa kutua. Saa za kwanza mgonjwa ni wenu.

Twende miezi gani?

Mei hadi Agosti. Januari si ya kujaribu: Oodnadatta, mji mdogo wa Australia Kusini, ilipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na hifadhi ya jangwa la Simpson upande wa Australia Kusini hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Usiku wa Julai jangwani ni baridi kali, kwa hiyo blanketi jepesi halitoshi.

Tubebe maji kiasi gani?

Pigeni hesabu ya lita 10 kwa mtu kwa siku. Karibu nusu ni ya kunywa, mengine ya kupikia, kuosha vyombo na kunawa. Ongezeni akiba ya angalau siku mbili, kwa sababu gari huharibika na mvua ikinyesha barabara ya udongo hufungwa. Watu wanne, siku tatu za safari na mbili za akiba: lita 200. Hizo ni kilo 200, sawa na abiria watatu wa ziada. Madumu yakae chini, katikati ya gari, yafungwe vizuri. Ukiyapandisha kwenye keria, gari huwa jepesi kupinduka kwenye kokoto. Na yawe madumu kumi ya lita 20, si tangi moja: jiwe likitoboa tangi, mmebaki bila tone.

Kunyweni kidogo kidogo kutwa nzima. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, mmechelewa. Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawalizungumzii: kugugumia lita nyingi za maji matupu huku jasho linamwagika na tumbo halina kitu. Chumvi ya damu hushuka, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Kuleni chakula chenye chumvi, na mwe na ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti inayokorogwa kwenye maji. Someni pakiti kabla ya kukoroga: nyingi zinazouzwa Australia ni za mililita 200 tu, si za nusu lita au lita nzima kama tulivyozoea kwenye zahanati za Afrika Mashariki. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta.

Nitajuaje kuwa mwenzangu amezidiwa na joto, si uchovu tu?

Angalia akili yake. Aliyechoka kwa joto hutoka jasho jingi, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, ila anajibu sawasawa. Huyo mlaze kivulini, inua miguu, mpe ORS. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, kuyumba au kupata degedege, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Usisubiri ngozi ikauke. Wengine huwa bado wanatoka jasho. Mvue nguo, mloweshe mwili mzima, mpepee bila kupumzika, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mmoja apoze, mwingine apige simu. Usimnyweshe kitu mtu aliyechanganyikiwa. Panadol haisaidii, kwani hii si homa.

Gari likizima katikati ya jangwa, tutembee kutafuta msaada?

Hapana. Gari lina kivuli na huonekana kirahisi kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani. Msinywe maji ya rejeta, kwa sababu yanaweza kuwa na kipoozi chenye sumu inayoharibu figo. Namba ya dharura ni 000, lakini pasipo mtandao wowote haiiti, kwa hiyo kodini simu ya setilaiti au nunueni PLB, kifaa kidogo cha kutuma ishara ya dharura. Kisajilini kabla ya safari, ni bure.

Nyoka akiuma?

Nyoka hatari wa Australia, kama taipani, wana sumu inayopooza mwili au kuharibu ugandaji wa damu, na husambaa kupitia mishipa ya limfu. Lengo ni kuichelewesha. Mgonjwa alale alipo, asipige hata hatua. Msioshe jeraha, sumu iliyobaki kwenye ngozi huweza kupimwa hospitali. Msimvue suruali, fungeni juu yake. Bendeji ya elastiki ya kwanza, pana sentimita 10 hadi 15, ipite juu ya alama ya meno. Ya pili ianzie vidoleni ipande hadi kinena au kwapa, ikaze kama ya kifundo kilichoteguka. Vidole vikigeuka bluu, mmekaza mno. Fungeni kigango, yaani kijiti cha kuzuia kiungo kisisogee, andikeni juu ya bendeji mahali palipoumwa na saa. Msifungue mpaka daktari aseme. Bendeji tatu kwa gari ndicho kiwango cha chini.

Wembe, kamba na lile jiwe jeusi la nyoka viacheni. Na msiihamishie bendeji hii nyumbani kwa kila nyoka: sumu ya kifutu huozesha nyama palipoumwa, na kuibana hapo huongeza madhara. Buibui mwenye mgongo mwekundu naye hafungiwi bendeji, huwekewa barafu tu.

Kukiwa na baridi, tuingize jiko la mkaa hemani?

Kamwe, hata makaa yakiwa yamebaki majivu mekundu tu na zipu iko wazi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki. Wanaoamka na kichwa kinachouma wote kwa pamoja watoke nje mara moja.

Mmoja wetu anatumia insulini.

Ikae kwenye kipozeo, isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Isiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Beba dozi mara mbili ya siku mlizopanga, zigawanywe katika mifuko miwili tofauti.

Na mamba?

Ni wa kaskazini, kama kwenye mito inayokatisha Gibb River Road. Hema likae angalau mita 50 kutoka ukingo wa maji, na samaki wasiparuliwe mtoni.