Sauna ya uani: yanayosemwa na ukweli wake

Ufini ina watu milioni 5.5 hivi, na sauna, yaani vyumba vya joto kali vya kutokwa jasho, zinazokadiriwa kufika milioni 3. Nchi nzima ingeweza kuota joto siku moja na nafasi zikabaki. Nyingi zimo ndani ya nyumba na maghorofa, lakini hapa nazungumzia ile ya bustanini: kibanda cha mbao kisichozidi sana mita mbili kwa mbili, jiko lenye mawe pembeni, na mabenchi mawili, moja juu na moja chini. Habari zake zikifika mbali hutiwa chumvi nyingi.

Chumvi ya kwanza ni kwamba *sauna ni anasa ya matajiri*. Kwa Wafini ni kinyume kabisa. Mkulima aliyehamia shamba jipya mara nyingi alijenga sauna kwanza, akaishi humo huku nyumba ikiendelea kujengwa. Wanawake walijifungulia humo, kwa kuwa palikuwa na joto, maji ya moto na usafi, na maiti waliogeshwa humo. UNESCO ilipouingiza utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020, ilikuwa inatambua jambo la kila Jumamosi la watu wa kawaida.

*Ni kama kujifukiza tu, au kama hamamu.* Hapana, na tofauti hii inafaa kuielewa vizuri. Ukipiga nyungu unajifunika blanketi juu ya chungu cha maji yanayochemka. Hamamu, yaani bafu la mvuke la umma, kama ilivyokuwa ile ya Hamamni pale Mji Mkongwe iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, ina joto la wastani na unyevu mwingi. Sauna ya Kifini huanza na hewa kavu: nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, unyevu mdogo mno. Mtu hababuki kwa sababu hewa haipitishi joto kwa kasi kama maji, na jasho likikauka linaipoza ngozi. Maji ya nyuzi hizo hizo yangekuunguza papo hapo.

Kisha mtu anachota maji kwa kata na kuyamwaga juu ya mawe. Mvuke unapanda darini, unateremka, unakugusa masikio na mabega kwanza. Ukikutana na ngozi, ambayo ina joto dogo kuliko wenyewe, unageuka maji na kukuachia joto lake. Kwa hiyo matone unayoyaona mkononi dakika hiyo si jasho lako peke yake. Mvuke huo Wafini wanauita *löyly*, na ndio wanaoufuata humo. Mawe yakiwa tayari, maji yanapotea kwa mlio mwororo. Yakitokota na kuchuruzika hadi sakafuni, ongeza kuni na usubiri.

*Joto likizidi ndiyo raha yenyewe.* Hii imeua. Mji wa Heinola ulikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa saunani tangu 1999. Kwenye fainali ya Agosti 2010, katika nyuzi 110 na maji yakimwagwa kila baada ya nusu dakika, mshindani mmoja wa Urusi alifariki na mwenzake wa Ufini akaungua vibaya. Mashindano hayakurudi tena. Dakika 10 au 15 kwa awamu zinatosha, kisha toka nje upunge hewa. Kizunguzungu kikikujia toka hata kama ni dakika ya tatu, hakuna anayekuhesabia. Wala si lazima kujitosa kwenye barafu. Wanaopenda wajitose, wewe kaa kwenye kibaraza na glasi ya maji.

*Jasho linatoa sumu na kupunguza mwili.* Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Jasho karibu lote ni maji na chumvi, na uzito uliopungua kwenye mizani unarudi ukishakunywa maji.

Kuhusu moyo, watu wamegawanyika pande mbili, wanaosema sauna ni dawa na wanaosema ni hatari, na wote wanatia chumvi. Watafiti wa Kuopio, mji wa Ufini, waliwafuatilia wanaume zaidi ya 2,300 wa makamo kwa takriban miaka 20, na matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba walioingia saunani mara 4 hadi 7 kwa wiki walipatwa na vifo vichache zaidi vya ghafla vya moyo kuliko wa mara moja. Lakini huo ni uhusiano; huenda mwenye afya njema ndiye anayeweza kuingia mara nyingi. Mwenye presha iliyodhibitiwa kwa kawaida hazuiwi, ila aliyepata mshtuko wa moyo juzijuzi, au anayebanwa na kifua hata akiwa amepumzika, asiingie bila daktari wake. Mjamzito naye aulize kwanza. Pombe ibaki nje kabisa.

*Kibanda chochote chenye hita ni sauna.* Hapa ndipo pesa zinapopotea. Jiko la umeme hukadiriwa kilowati 1 hivi kwa kila mita ya ujazo, na kuta za magogo au kioo zinadai zaidi. Waya zifungwe na fundi umeme mwenye leseni. La kuni linahitaji bomba la moshi linalovuta vizuri na umbali wa kutosha kutoka kwenye mbao, kama mtengenezaji alivyoelekeza. Benchi la juu liinuliwe mpaka miguu ya aliyekaa ifikie usawa wa mawe au zaidi, la sivyo kichwa kitaungua na vidole vya miguu vitaganda kwa baridi. Mabenchi yasipakwe vanishi, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisitumike ndani. Mawe ya kuokota mtoni yanaweza kupasuka; nunua yaliyokusudiwa. Mlango ufunguke kwa nje, usiwe na komeo wala kitasa cha kufunga kwa ufunguo.

*Humo ni mambo ya aibu.* Sifa hiyo inatokana na biashara nyingine zilizojibandika jina hili mijini. Nyumbani kwa Mfini, wanawake na wanaume wasio wa familia moja kwa kawaida hupewa zamu, na mgeni akitaka kujifunga taulo hakuna anayemshangaa.

Na wapo wanaoamini sauna *inajikausha yenyewe*. Ukimaliza, suuza mabenchi, acha mlango na matundu ya hewa wazi, na jiko liendelee kuwaka kidogo mpaka sakafu ikauke. Mbao zinazofungiwa na unyevu kila wiki huota ukungu, na kuzibadilisha ni ghali kuliko kuni za robo saa.