Njia ya baiskeli iliyotengwa si lazima iwe salama

Njia ya baiskeli iliyotengwa ni ile inayotenganishwa na magari kwa kitu kinachoshikika: ukingo wa zege, vigingi vya plastiki au chuma, bustani, au safu ya magari yaliyoegeshwa. Mstari wa rangi peke yake hauhesabiki. Maana ndiyo hiyo, haina makuu.

Linalonikera ni kusikia kila ukingo ukiitwa usalama, kana kwamba zege likishamwagwa kazi imekwisha. Ukingo huzuia jambo moja, na hulizuia vizuri: gari kumgonga mwendesha baiskeli kwa nyuma au ubavuni, kwenye kipande kilichonyooka. Hilo si dogo, na mimi ni wa kwanza kulitetea. Lakini mjini, baiskeli na magari hugongana sana makutanoni na kwenye maingilio ya vituo vya mafuta na maduka, na huko ndiko ukingo unakokatika ili magari yapite.

Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, basi mchukue dereva anayekata kona ya kushoto. Barabara ikiwa wazi, anaweza kumwona mwendesha baiskeli kwenye saitimira kabla hajafika konani. Ukiweka safu ya magari yaliyoegeshwa au uzio mrefu kati yao, wanaonana pale pale kwenye mdomo wa kona, wakati breki zimeshachelewa. Naye mwenye baiskeli ameshaambiwa yuko salama, kwa hiyo hapunguzi mwendo. Njia inayobeba baiskeli za kwenda na kurudi upande mmoja ina hatari zaidi: dereva anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa hutazama kulia, magari yanakotoka, na baiskeli humjia kutoka kushoto. IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilitoa utafiti mwaka 2019 ulioonyesha kwamba njia za namna hiyo, zikiwa usawa mmoja na barabara, zilikuwa na hatari kubwa kuliko barabara kubwa zisizo na njia ya baiskeli. Zile zilizotengwa kwa vizuizi virefu visivyokatika zilikuwa na hatari ndogo sana. Zote mbili huitwa njia zilizotengwa.

Kisha kuna kizuizi chenyewe. Uholanzi, nchi ya baiskeli, halmashauri zimekuwa zikiondoa vigingi vilivyosimikwa katikati ya njia kuzuia magari, kwa sababu watu walikuwa wakivigonga, hasa wazee na wanaoendesha kwa kundi, ambapo wa nyuma haoni kilicho mbele. Vinavyobaki huchorewa mistari yenye vituta vidogo vinavyotikisa tairi kabla hujavifikia. Katika mji wa Keynsham, Uingereza, ukingo mdogo wa njia ya baiskeli uliwaangusha watembea kwa miguu zaidi ya 100: ulifanana na mstari uliochorwa chini, wakaukanyaga wakidhani pako sawa.

Huku kwetu Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka uliipa Barabara ya Morogoro njia za baiskeli, na ni jambo la kushukuru. Ila popote unaposimika vigingi kuzuia bodaboda, fikiria guta lililosheheni magunia. Halipiti. Mwenye guta hurudi barabarani, na sasa ukingo umembana kushoto. Daladala likimsogelea hana pa kukimbilia. Mvua ikinyesha, mchanga na taka hubaki ndani ya ukingo, na tairi jembamba likipita juu ya mchanga huo kwenye kona huteleza.

Dawa yake inajulikana. Maegesho hukomeshwa mapema kabla ya kona ili watu waonane. Njia ya baiskeli husogezwa ndani kiasi cha mita tano, gari linalokata kona lipate pa kusimama likiwa limeikabili njia hiyo, dereva aione baiskeli inayokuja. Kona hubanwa ili dereva asiikate kwa kasi. Vigingi hupangwa kwa upana unaopitisha guta, na anatafutwa mtu wa kufagia.

Kwa hiyo mtu akikuambia barabara yao sasa ni salama kwa baiskeli kwa kuwa imewekewa ukingo, mwambie kwa upole kwamba imetengwa, kisha muulize wamefanya nini pale ukingo unapokatika.