Vigezo viwili viwili: imani zinazovuruga mwafaka wa kikundi

Tuchukue kamati ya maji ya watu saba inayotaka kununua pampu: ya sola, ya dizeli au ya mkono. Badala ya kupiga kura, wanalinganisha vigezo viwili viwili: vipuri na bei, bei na wingi wa maji, vipuri na wingi wa maji. Kila jozi hupewa namba, kuanzia 1 (vina uzito sawa) hadi 9 (kimoja kimekizidi kingine kwa mbali sana). Jozi ikigeuzwa, namba nayo hugeuka: 3 inakuwa 1/3. Namba hizo ndizo zinazotoa uzito wa kila kigezo, na kwa uzito huo pampu hupangwa ipi inaongoza. Hiyo ndiyo AHP (Analytic Hierarchy Process), mbinu iliyoasisiwa na Thomas Saaty miaka ya 1970. Hesabu yake si ngumu. Kinachoiharibu ni imani watu wanazoingia nazo kikaoni.

Dhana: Fomu zikishajazwa, kilichobaki ni kupiga wastani.

Wastani upi? Mjumbe mmoja kaandika kwamba vipuri vinaizidi bei mara 5. Mwenzake kasema kinyume, 1/5. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 2.6: vipuri vinaizidi bei. Sasa igeuze jozi ileile, bei kwa vipuri, upige tena. Ni 2.6 vilevile! Kila kigezo kimemzidi mwenzake. Ndiyo maana hutumika wastani wa kijiometri: zidisha majibu yote, kisha tafuta kipeuo cha idadi ya watu (watu wawili, kipeuo cha pili, watu saba, kipeuo cha saba). Hapo 5 × 1/5 ni 1, na jozi ukiigeuza inabaki 1.

Lakini hiyo 1 nayo isikudanganye. Inasomeka "vina uzito sawa", na katika wale wawili hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Kwa hiyo kila jozi iandikiwe namba tatu: wastani, jibu la chini kabisa na la juu kabisa. Pengo kati ya chini na juu ndilo linaloonyesha kama mwafaka upo.

Dhana: Kiwango cha kujipinga kikivuka 0.10, mjumbe hajui anachosema.

Kiwango hiki hupima kadiri majibu ya mtu mmoja yanavyopingana yenyewe kwa yenyewe, na 0.10 ndio mstari wa kawaida. Tumtazame mmoja. Anasema vipuri vinaizidi bei mara 3, bei inauzidi wingi wa maji mara 2. Kwa majibu hayo, vipuri vilipaswa kuuzidi wingi wa maji mara 6. Yeye kaandika 2. Kwa vigezo vitatu hesabu ni fupi: gawa 2 kwa 6, tafuta kipeuo cha tatu (0.693), kisha jumlisha 1 + 0.693 + 1/0.693. Unapata 3.136. Toa 3, gawa kwa 2: ni 0.068. Gawa tena kwa 0.58, ambayo ni wastani wa kujipinga kwa majedwali ya vigezo vitatu yaliyojazwa ovyo (vigezo vinne ni 0.90, vitano 1.12). Jibu ni 0.117. Kavuka mstari, ila kidogo tu.

Je, abadilishe 2 iwe 6? Hakuna haja. Akiandika 3 tu, kiwango kinashuka hadi 0.046. Na huenda tatizo si ile 2 hata kidogo. Pengine ile 3 ya mwanzo aliiandika kabla hajazoea kipimo. Mrudishie namba zote tatu, mwulize ni ipi ingebadilika.

Hali ni nyingine kabisa majibu yakizunguka: vipuri juu ya bei, bei juu ya maji, maji juu ya vipuri, kila moja kwa 3. Kiwango hapo ni karibu 1.15. Mara nyingi kuna jozi iliyojazwa kichwa chini, kwa hiyo anza kukagua hapo.

Dhana: Programu inaweza kunyoosha majibu yenyewe.

Inaweza, ila kikifika kikao cha kupitisha, mjumbe atakuta uzito asioutoa yeye. Programu ionyeshe jozi yenye kasoro. Kalamu ibaki kwa mwenye jibu.

Dhana: Kiwango kikiwa 0, uamuzi ni sahihi.

Aliyeandika 1 kila mahali naye anapata 0. Kiwango kinapima kama majibu yanapatana yenyewe kwa yenyewe, basi.

Dhana: Vigezo vikiwa vingi, haki imetendeka.

Vigezo 4 vina jozi 6, 7 vina 21, 10 vina 45. Kufika jozi ya thelathini watu wanajaza ili waondoke. Vikizidi 7, vipange kwa makundi na ulinganishe ndani ya kila kundi, halafu makundi yenyewe.

Dhana: Lazima tubishane mpaka kila jozi ikubaliwe.

Kila mtu ajaze peke yake kwanza, kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Kisha jadilini zile jozi mbili tatu zenye pengo kubwa, mjaze upya. Pengo likigoma kufungwa baada ya raundi ya pili, piga hesabu mara mbili: moja kwa jibu la chini kabisa la jozi hiyo, nyingine kwa la juu kabisa. Ikiwa pampu ya sola inaongoza zote mbili, hiyo jozi iacheni na tofauti zake. Ikiwa dizeli inaipiku katika mojawapo, jozi hiyo ndiyo ajenda ya kikao kijacho.