Kutia rangi nguo nyumbani: chumvi na siki hazishikishi rangi kwenye pamba

Katika nyumba nyingi za Goma kuna nguo zilizokunjwa chini kabisa ya sanduku, ambazo hazijachanika wala kubana, ila zimepauka au rangi yake haimpendezi tena mwenyewe. Nguo hizo zinaweza kutiwa rangi upya nyumbani na zikavalika, na inasikitisha kuona ngapi huharibika kwa sababu ya maelekezo ambayo watu hupokezana sokoni pamoja na pakiti ya rangi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba rangi hushikishwa kwa chumvi na siki. Kwa pamba, hilo si kweli. Rangi zinazodumu vizuri kwenye pamba, ambazo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1956, hujifunga na uzi wenyewe, na kifungo hicho hutokea pale tu maji yanapotiwa magadi ya kufulia, yaani kabonati ya sodiamu (si ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi). Chumvi husaidia rangi itoke kwenye maji na kuufuata uzi, lakini haiifungi. Siki, kwa kuwa ni asidi, huua nguvu ya magadi, hivyo anayevimimina vyote viwili katika beseni moja anaibomoa kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Siki ina mahali pake kwenye sufu, hariri na nailoni, tena kwa rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizo.

Vilevile si lazima kuchemsha. Rangi hizi za pamba hufanya kazi katika maji ya uvuguvugu, ilimradi nguo ikae humo saa moja au zaidi huku ikigeuzwageuzwa, na kwa wanaonunua makaa kila wiki hilo si jambo dogo.

Wengine hudhani kwamba rangi moja hufaa kila kitambaa. Nguo nyingi za mitumba ni za poliesta, na poliesta huhitaji rangi ya namna nyingine pamoja na joto kali, ambalo viwandani hufika nyuzi 130 za Selsiasi ndani ya mitungi iliyofungwa kwa shinikizo. Hapa Goma, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kabla ya kununua rangi, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe upande wa ndani wa pindo, uuchome: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usichome uzi wa mshono, kwa sababu huo mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba. Nilipolitia shati jeupe la pamba rangi ya buluu, kitambaa kilikolea vizuri sana, lakini mishono ya kola na ya matundu ya vifungo ilibaki myeupe kama iliyochorwa kwa chaki.

Si kweli pia kwamba rangi mpya hufunika kila kitu. Haifuniki, huchanganyika na iliyopo: buluu juu ya njano huzaa kijani, maua ya kitenge huendelea kuonekana, na doa la mafuta au la javeli (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe) hubaki doa. Kwa hiyo nguo ifuliwe vizuri kwanza, na rangi ichaguliwe iliyokoza kuliko ya zamani.

Mwisho, nguo kuchuja rangi katika maji ya kwanza si dalili kwamba imeharibika. Hiyo ni rangi iliyozidi, ambayo haikupata uzi wa kujifunga nao. Suuza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto, hadi yatoke meupe. Katika mji ambako maji hubebwa kwa bidoni, kishawishi cha kuanika mapema ni kikubwa, lakini bidoni mbili za ziada siku hiyo ndizo zitakazoyaokoa mashuka yatakayofuliwa pamoja na nguo hiyo baadaye. Tumia beseni la plastiki, kwa kuwa magadi hula alumini, na lisirudi tena jikoni. Vaa glavu na ufunike pua unapokoroga unga wa rangi.